Baki Chini

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, nilifungua boksi namba 417 nikakuta utepe mmoja wa sauti na kadi moja. Kadi ilikuwa na mistari miwili, yote kwa mwandiko wa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa anatarajiwa kwetu Jumapili, yeye na wazee wake, kuja kuniposa.

Mimi ni fundi wa maktaba ya sauti katika kituo cha redio. Ninanakili tepe kuukuu kabla hazijaharibika. Chumba changu hakina dirisha. Kila boksi humu ndani lina kadi, na kila anayesikiliza utepe huandika tarehe, hali ya utepe kwa maneno machache, na sahihi yake. Kadi haitoki kwenye boksi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, na kwa miaka saba nilikuwa sijaivunja.

Mstari wa kwanza ulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili: "Nimesikiliza wote, kwa ajili ya uhakiki." Wa pili ulikuwa na umri wa miaka tisa: "Spidi iko chini. Usitumike." Sahihi zote mbili zilikuwa na ule mkia mrefu ninaoujua, unaopita chini ya jina kisha ukarudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Sikutaka kuiamini kadi peke yake, kwa hiyo nilipima. Utepe ulikuwa nakala ya santuri, na santuri yenyewe ninayo. Nilipewa na Baba. Wimbo wa kwanza, kwenye santuri, unachukua dakika tano na sekunde kumi na mbili. Kwenye utepe ulichukua dakika tano na sekunde thelathini na tatu. Piano ilishuka kwa nusu toni na zaidi kidogo, ngoma zilisikika kama zinapigwa na mtu aliyetoka kushiba, na saksafoni iliburuza pumzi kama mgonjwa.

Mpiga saksafoni ni Baba.

Albamu inaitwa "Ghorofa ya Tatu", kwa sababu waliirekodi katika chumba cha ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Ndiyo albamu pekee bendi yao iliyotoa. Wiki mbili baada ya kutoka, gazeti lilichapa uhakiki usio na jina la mwandishi. Nyumba yetu nzima iliuhifadhi kichwani bila kutaka: "Mpiga saksafoni anafika ghorofa ya tatu pumzi zimemwisha. Tunamshauri abaki chini."

Maneno mawili ya mwisho yalitoka gazetini yakaingia mtaani. Kwenye harusi waliyopiga mwezi uliofuata, mtu alipaza sauti kutoka nyuma ya ukumbi: baki chini. Watu wakacheka, na Baba akacheka nao. Mara ya pili alicheka tena. Mara ya tatu hakucheka, na baada ya miezi minne bendi ilivunjika. Saksafoni iliwekwa juu ya kabati la nguo, Baba akarudi kwenye ufundi wa vyerehani aliojifunza ujanani. Mpaka leo wateja wanamwita Fundi Baki Chini. Wengi hawajui jina lilitoka wapi. Wanadhani ni kwa sababu karakana yake iko ghorofa ya chini, chini ya nyumba tunayoishi.

Nililipata boksi lile kwa sababu ya orodha. Kila Jumamosi saa kumi jioni kituo chetu hutangaza kipindi kinachoitwa "Za Kurudia": albamu kumi za jazi ambazo msikilizaji anashauriwa azigundue, au azirudie kama alizisikia zamani akazipita. Mtangazaji wake, mwenye sahihi ile ya mkia mrefu, tunamwita Sauti, na hata wasikilizaji humwita hivyo. Asubuhi ile nilikuta orodha yake mezani. Tisa za kwanza nilizijua bila kusoma, maana tulizisikiliza pamoja, mabega yakigusana, katika chumba hiki hiki. "Wawili Bila Ngoma", ya wapiga besi wawili wanaozungumza kama ndugu waliokosana. "Ukumbi Mtupu", ya mpiga tarumbeta aliyerekodi baada ya watu kuondoka, mpaka unasikia viti vikikunjwa. "Jikoni kwa Dada", sauti ya mwanamke mmoja na piano isiyo na haraka. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaisikiliza siku aliponishika mkono mara ya kwanza, na nilipotazama saa baadaye niliona upande mzima ulikuwa umekwisha na sindano inazunguka patupu.

Namba kumi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyingine: "Ghorofa ya Tatu. Mshangao kwa mzee. Usimwambie." Nikatafuta katika orodha ya maktaba kama tuna nakala safi kuliko ya kwangu. Tulikuwa nayo moja. Boksi namba 417.

Sauti alikuja saa tano kasoro dakika tano, mikononi ana vikombe viwili vya chai, akafunga mlango kwa kisigino kama kawaida yake.

"Sekunde wangu," alisema. Ananiita hivyo kwa sababu napima kila kitu. "Umeiona orodha?"

"Nimeiona."

"Na namba kumi?"

"Nayo nimeiona."

"Ndiyo hivyo tu? Mtu ameumiza kichwa wiki nzima anakutafutia zawadi, wewe unamjibu kama karani wa posta."

"Kaa."

Aliweka chai mezani akakaa kwenye kiti chake. Nilibonyeza, utepe ukaanza kuzunguka.

Kuna jambo moja kuhusu Sauti ambalo nimelithibitisha mara nyingi: muziki ukianza, hufumba macho. Hufumba hata mbele ya mkurugenzi. Nilikuwa nikizitazama kope zake zikitulia, nikawaza kwamba nikizeeka nataka ziwe kitu cha mwisho ninachokiona jioni. Safari hii hakufumba. Alitazama utepe, kisha boksi, kisha kadi iliyokuwa mbele yangu.

"Zima," alisema.

"Bado dakika nne na nusu."

"Zima, tafadhali."

Nilizima.

"Uliitoa wapi?"

"Ilipokuwa. Rafu ya nne, kati ya 416 na 418. Vitu vya humu ndani havitembei."

Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne," alisema. "Sikuwa na mashine ya santuri. Nilikuwa napewa kazi na gazeti kipande kipande, hata jina langu hawaandiki. Nikaja hapa nikaomba wanirekodie kwenye utepe. Mashine yao ya santuri ilikuwa inaburuza. Ningejuaje? Sikuwa nimewahi kumsikia mzee akipiga. Nilidhani ndivyo alivyo."

"Usingejua."

"Basi tumeelewana."

"Hilo sikulaumu. Hata mimi ningedanganyika, kama ndiyo mara ya kwanza kumsikia." Nilisogeza kadi mbele yake. "Nieleze mstari wa pili."

Aliisoma kadi upya. Nilihesabu bila kukusudia: sekunde kumi na nane.

"Ilikuja barua," alisema. "Gazetini. Wakaniletea huku, nilikuwa nina mwezi mmoja tangu kuajiriwa. Haikuwa na jina. Ilitoka kwa mwanamke."

"Ilisemaje?"

"Miaka tisa imepita, mpenzi."

"Ilisemaje?"

Alitazama chini, na nilipoona jinsi maneno yalivyotoka bila kutafutwa nilijua kwamba amekuwa akiishi nayo. "'Mume wangu hapumui hivyo. Nimelala ubavuni mwake miaka ishirini na mitatu, pumzi yake naijua. Kagueni mashine yenu.'"

Mama alifariki miaka saba iliyopita. Mwaka ule anaousema Sauti, Mama alikuwa akifungua sanduku letu la barua kila Ijumaa kabla ya kuvua viatu. Tulidhani anasubiri barua ya dada yake. Hakutuambia kitu, wala mimi wala Baba.

"Ukakagua mashine," nilisema.

"Nikakagua. Nikaona ni kweli. Nikaandika kwenye kadi ili mtu mwingine asikosee."

"Na barua?"

"Niliitupa."

"Ulimjibu?"

"Ningemjibu nini? Ndiyo kwanza wamenipa kipindi. Kipindi kizima ni mimi kuwaambia watu: niaminini, nina masikio. Nianze kwa kuwaambia kwamba siwezi kutofautisha mtu mchovu na mashine mbovu?"

"Ndiyo. Ungeanza na hilo."

"Rahisi kusema ukiwa umekaa upande huo wa meza."

"Nimekaa upande huu leo tu. Miaka kumi na miwili nimekaa upande wa Baba."

Alipitisha mikono usoni. Ana vidole virefu, vinavyoshika santuri kwa ukingo tu, kama vile vinashika kitu kinachopumua. Nilitamani kuvishika. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu halikubadilisha chochote.

"Ulijua lini kwamba mimi ni binti yake?" nilimuuliza.

"Siku uliyonipeleka kwenu. Ile picha ya bendi ukutani."

"Miezi kumi na mitatu."

"Nilitaka kukwambia."

"Na mwezi uliopita ulikunywa chai yake. Ukamwambia albamu yake uliipenda tangu siku ya kwanza uliyoisikia."

"Mzee alikuwa hanitaki, wewe mwenyewe unajua. Alisema mtu anayelipwa kusikiliza hana kazi. Nilitafuta njia ya kuingia moyoni mwake."

"Na ukaipata. Unajua alituambia nini ulipoondoka? Alisema: miaka yote hii nilidhani hakuna mtu aliyenisikia, kumbe alikuwepo mmoja. Wiki hiyo hiyo akasema wazee wako waje."

Sauti aliinuka, akazunguka meza, akasimama nyuma yangu. Harufu ya sabuni yake naijua. "Nisikilize," alisema taratibu, kwa ile sauti ambayo mji mzima huacha kazi kuisikiliza. "Jumamosi namrudishia heshima yake. Mbele ya watu wote. Namweka namba kumi, mahali pa mwisho, mahali pa bwana harusi. Nitasema huyu ni mpiga saksafoni bora tuliyempuuza. Kufukua kaburi kuna faida gani?"

"Kaburi la nani? Baba yu hai. Yuko ghorofa ya chini, anatia mafuta vyerehani vya watu."

"Unajua ninachomaanisha."

"Najua. Sasa sikiliza ninachomaanisha mimi. Jumamosi, kabla ya namba kumi, utasema mambo mawili. La kwanza: uhakiki ule uliuandika wewe, ukiwa umesikiliza utepe wenye spidi mbovu. La pili: ulilijua kosa hilo miaka tisa iliyopita, ukanyamaza."

"Unanipangia maneno?"

"Nakupangia mambo. Maneno tafuta mwenyewe, ndiyo kazi yako."

"La kwanza linatosha. Mtu akiomba radhi haulizwi tarehe."

"La kwanza ni la mashine. La pili ndilo lako."

"Na nisiposema?"

"Jumapili msije."

Alirudi mbele ya meza. Tulitazamana kwa muda ambao, kwa mara ya kwanza, sikuupima.

"Unanipenda?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi."

"Hilo ni jambo la tatu. Nimekwambia mawili."

Alichukua kikombe chake, akakiangalia, akakirudisha. Mlangoni aligeuka. "Wewe ungefanya nini? Ungekuwa mimi?"

"Ningemjibu yule mwanamke."

Aliondoka saa tano na dakika ishirini na mbili. Chai zote mbili zilibaki mezani zimejaa.

*

Jumamosi saa kumi kasoro robo jioni nilikuwa karakanani kwa Baba. Shangazi, dada yake, alikuwa ameshaazima viti kumi na viwili kwa ajili ya kesho yake na kuvipanga ukutani, akawa anavikalia kimoja kimoja kuhakikisha hakuna kinachoyumba.

"Hiki mpe mshenga," alisema. "Kikivunjika, tumeshajua bahati yetu. Lakini mwanangu, mume wa redio! Utamgombeza, atakwambia tutarudi baada ya matangazo."

Baba alicheka bila kuinua kichwa. Mbele yake alikuwa na cherehani ya fundi nguo mmoja, ameifungua tumboni. "Muache," alisema. "Yule kijana ana masikio. Watu wenye masikio ni wachache."

"Masikio si mkate."

"Wewe ulipata mwenye mkate, ukatuambia nini? Kwamba hasikii."

Nilifungua redio. Kwenye mkoba wangu, ndani ya bahasha, mlikuwa na kadi ya boksi namba 417. Niliitoa maktaba Ijumaa saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyeniona, na hata angekuwepo mtu ningeitoa.

Sauti alianza vizuri, kama siku zote. Namba moja, "Wawili Bila Ngoma": alisema msikilizaji asitafute mdundo, atafute nani kati ya besi hizo mbili anayeomba msamaha. Namba nne, "Ukumbi Mtupu": alisema irudie ukiwa peke yako, uhesabu viti. Alipofika namba saba, "Jikoni kwa Dada", alisita kidogo, kisha akasema ni albamu inayofaa kusikilizwa na mtu ambaye bado hujamwambia kitu. Shangazi alinigusa kwa kiwiko. Mimi nilitazama saa ya ukutani.

Saa kumi na dakika arobaini alifika namba kumi.

"Hii ya mwisho," alisema Sauti, "naitanguliza na ungamo. Albamu inaitwa 'Ghorofa ya Tatu'."

Bisibisi ya Baba ilisimama.

"Miaka kumi na miwili iliyopita uliandikwa uhakiki wa albamu hii, uhakiki mbaya, wenye utani wa kikatili. Utani ule ulimfuata mpiga saksafoni mpaka akaweka ala yake chini. Ule uhakiki niliuandika mimi. Niliandika baada ya kusikiliza utepe uliorekodiwa kutoka kwenye mashine ya santuri iliyokuwa inakwenda polepole. Nilidhani nasikia mtu aliyechoka. Nilikuwa nasikia mota mbovu. Mzee wangu, popote ulipo, naomba unisamehe. Wasikilizaji, hii hapa, kwa spidi yake ya kweli."

Wimbo ulianza. Dakika tano na sekunde kumi na mbili.

Baba hakusogea. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Baada ya utangulizi wa piano, saksafoni ilipoingia, vidole vya Baba vilianza kubonyeza juu ya meza, kati ya sindano na skrubu, kila kimoja mahali pake. Hakukosea hata mara moja. Miaka kumi na miwili, na mkono ulikuwa unajua njia.

Wimbo ulipokwisha zilibaki dakika kumi na mbili za kipindi. Nikawa nazingoja. Simu za wasikilizaji zikaingizwa hewani. Mwanamke mmoja alisema analia. Mwanamume mmoja alisema katika maisha yake hajasikia mtu wa redio akikiri kosa, na kwamba Sauti ni muungwana wa kweli. Mwingine alimwita shujaa. Sauti aliwashukuru wote, kila mmoja kwa upole wake. Dakika tano zikapita. Dakika nane. Kwenye dakika ya kumi na moja alisema, "Kukosea ni kwa binadamu, na kukiri ni kwa binadamu pia," akawatakia jioni njema. Saa kumi na moja kamili ikaanza taarifa ya hali ya hewa.

Jambo la pili hakulisema.

"Kumbe ni mashine," alisema Baba. Alikuwa anaitazama cherehani iliyo mbele yake kana kwamba ndiyo yenyewe. "Dada, umesikia? Kumbe ni mashine tu."

"Nimesikia, kaka yangu."

"Mimi nilikuwa najipima pumzi. Napanda ngazi za watu nikipeleka vyerehani, nahesabu pumzi. Nikawa nasema labda waliona kitu." Alicheka, akajifuta macho kwa kitambaa cha mafuta, kikamwachia alama nyeusi shavuni. "Kijana amekiri mbele ya watu wote. Wangapi wanaweza? Mimi nisingeweza."

"Nayafuta maneno yangu yote," alisema Shangazi. "Hata lile la mkate."

Mtu aliyekuwa akipita nje aliingiza kichwa mlangoni. Alikuwa muuza vifungo wa duka la pili. "Fundi Baki Chini," alisema kwa furaha, "umesikia redio?" Akaona nyuso zetu, akaenda zake.

"Mwanangu," alisema Baba, "panda ulete lile boksi la juu ya kabati. Kesho wazee wake wakija nitawapigia wimbo mmoja. Hata pumzi zikiisha katikati, ziishe."

Nilikwenda nikaliteremsha. Vumbi lake lilikuwa zito kama kitambaa. Nililiweka mezani, kando ya cherehani, na Baba akaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko bila kukifungua. Sijamwona na uso ule tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nilijua kwamba nikinyamaza, uso ule utakuwepo kesho, na keshokutwa, na kwenye picha za harusi. Nilijua pia kwamba nikinyamaza nitakuwa nimeandika mstari wa tatu kwenye kadi ile, kwa mwandiko wangu.

"Baba, kuna jambo hakulisema."

"Lipi?"

Nilimpa bahasha. Alivaa miwani yake ya kutungia uzi, akaitoa kadi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alisoma mstari wa kwanza. Alisoma wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Hii tarehe ya chini."

"Ndiyo."

"Ni miaka tisa."

"Ndiyo, Baba."

"Na alipokuja hapa akakaa pale." Alionyesha kwa kidevu kiti cha dirishani. "Akasema aliipenda tangu siku ya kwanza."

"Alikuwa anajua."

Shangazi aliinuka. "Mtoto wewe, una roho gani? Usingemwacha baba yako afurahi japo mpaka kesho?"

"Halafu keshokutwa, Shangazi?"

"Keshokutwa ina Mungu wake."

"Dada, kaa," alisema Baba. Hakuinua sauti. Aligeuza kadi kuona kama nyuma kuna kitu, hakukuwa na kitu. "Mtu hakagui utepe baada ya miaka mitatu bila sababu. Nani alimshtua?"

Swali hilo nililiogopa kuliko mengine yote. "Iliandikwa barua kwa gazeti. Haikuwa na jina."

"Barua ya nani?"

"Ya Mama."

Nje pikipiki ilipita, ikasimama, ikaondoka. Baba alivua miwani.

"Hakuniambia," alisema.

"Hakutuambia sote. Alikuwa anasubiri jibu."

"Ijumaa," alisema Baba. "Lile sanduku."

"Ndiyo."

"Walimjibu?"

"Hapana. Barua ilitupwa."

"Alisema nini?"

Nilimwambia, neno kwa neno, kama nilivyoambiwa. Mume wangu hapumui hivyo. Nimelala ubavuni mwake miaka ishirini na mitatu, pumzi yake naijua. Kagueni mashine yenu.

Shangazi aligeukia ukutani, kwenye viti vyake kumi na viwili.

"Irudie," alisema Baba.

Niliirudia.

Akachukua kadi akairudisha ndani ya bahasha, akaikunja bahasha mara moja, akanipa. "Irudishe ilipokuwa," alisema. "Kitu cha kazi kisipotee." Halafu akavuta cherehani karibu, akatafuta bisibisi, na hakuiona ingawa alikuwa ameishika.

Saa kumi na moja na dakika kumi na nne simu ya Baba iliita. Ililia mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, ikanyamaza. Ilipoita mara ya tatu aliichukua, akaishika mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani. Kwenye kioo palikuwa na jina alilolihifadhi mwenyewe wiki mbili nyuma, kwa herufi kubwa: MKWE.

Baba aliitazama mpaka mlio wa nne. Kisha akailaza uso chini, juu ya boksi la saksafoni.